Kisanduku cha Mengineyo

Karani wa bima, sauti laini ya mtu aliyekwisha kunywa chai,
aliniuliza kwa simu: Daktari, kwani kuongea ni ugonjwa?
Nikamwambia mimi si daktari.
Akasema: hiyo ndiyo shida yenyewe.

Chumba changu kiko mwisho wa ujia, hapa Kisumu,
nyuma ya stoo ya magongo.
Mlangoni waliandika TIBA YA VIUNGO.
Chini yake, kwa kalamu, niliongeza: na ya usemi.
Wafagiaji wameifuta mara mbili.
Nimeiandika mara tatu.

Hapa ndipo Ochola humleta mamake, Jumanne na Ijumaa.
Miaka ishirini na mitatu Rispa Awuor alipima omena Kibuye,
mdomo wake ukisikika hadi kwa wauza viatu:
gorogoro la yule limebonyea tako, njoo kwangu upate haki!
Kiharusi kikamwachia neno moja.
Kesho.
Jina lako nani? Kesho.
Na huyu aliyekushika mkono? Kesho.
Unaumwa wapi? Kesho, kesho,
akigonga meza kwa ngumi ya kushoto
kama mtu anayedai chenji yake.

Tulianza na koo kabla ya maneno.
Maji mepesi yalimpalia, tukayakoroga na unga hadi yakawa mazito.
Kidevu chini. Meza. Meza tena. Ngoja.
Kijiko cha kumi kilipopita bila kikohozi
Ochola alipiga makofi,
kisha akauliza, taratibu: leo ni pesa ngapi?

Fomu ina kurasa sita.
Mfupa uliovunjika una nambari. Goti lina nambari.
Jino lina nambari, hata la bandia.
Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga wakituonya tusiropoke;
hawakujua bima ingeugeuza msemo kuwa sheria.
Basi naandika kwenye kisanduku cha Mengineyo,
upana wake kidole gumba,
na baada ya siku arubaini kinarudi: Hailipwi.
Nikipiga simu: faili liko mezani, jaribu kesho.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka,
maana nilimjua mwingine mwenye neno hilo tu.
Yeye ana sababu.

Alhamisi usiku naongea na Jerotich wa Nakuru.
Hatuna mkubwa wa kutukagua, kwa hiyo tunakaguana.
Ananisimulia mtoto wake wa kaakaa lililopasuka,
namsimulia Rispa.
Umejaribu kumwimbisha? Umejaribu siku za wiki?
Halafu kimya. Halafu: wamekulipa?
Bado. Wewe?
Bado.
Andika ni goti, aliniambia juzi. Goti hulipwa.
Nilikaa na kalamu juu ya goti la Rispa dakika nzima.
Goti lake halina neno.

Ijumaa Ochola alikuja na uji kwenye chupa.
Nilikuwa nimepanga picha nilizochora mwenyewe,
sufuria, mizani, samaki,
kwani zilizokuja na kitabu zilikuwa za watu wanaosukuma theluji.
Rispa hakuzitazama. Alionja uji, akakunja uso,
akaweka kijiko chini.
Chu, alisema.
Tukasubiri. Ochola alitaka kumsaidia, nikamkanyaga mguu.
Chumbi.

Sikujua kama ni chumvi ya Kiswahili iliyopoteza jino njiani
au chumbi kamili ya Kiluo, ya jikoni kwa mamake.
Ochola alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuitafuta,
akipangusa macho kwa kiwiko.
Nilisikia magongo yakianguka stoo.

Jioni nilijaza fomu.
Huduma: Mengineyo.
Vipindi: kumi na tisa.
Matokeo: wameacha mstari mmoja.
Nikaandika neno lile, peke yake, nikalipigia mhuri.
Karani akitaka tafsiri,
safari hii na apige yeye.